Kilichokuwa Ndani ya Ngoma Yako

Jilala,

Mwadila, ngosha, mwanaume mwenzangu. Ni mimi, Mabula. Nakupa salamu ya mchana kwa sababu ni mchana, tena Jumapili, na watu wote wako kanisani. Mimi niko nyumbani. Ndiyo, umesikia vizuri. Mabula yuko nyumbani siku ya Jumapili.

Nimekaa nje ukutani, upande wenye kivuli, daftari nimeliweka juu ya debe lililopinduliwa. Daftari ni la mke wangu Minza, la kuandikia mahudhurio ya akina mama. Nimegeuza nyuma naandikia huko, asije akaniona nimo kwenye orodha ya akina mama. Wewe hukusoma, kwa hiyo makosa yangu hutayaona. Na kama huko ulipo kuna mtu wa kukusomea, mwambie asome polepole na asicheke. Mimi nilijifunza herufi nikiwa na ndevu tayari, katika darasa la ubatizo, na katika watu kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusoma mstari mzima bila kusimama. Nalisema kwa sababu ni kweli. Hata mwinjilisti alilisema mbele ya watu.

Unanijua. Sijaacha kujisifu. Minza anasema nikishazikwa nitawaamsha majirani wa makaburini niwaambie kwamba shimo langu ni refu kuliko yao.

Nikupe kwanza habari za huku. Wewe ulituacha mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na mizani yao kununua pamba. Sasa wamezidi. Msimu ukifika pikapu zinapita huku Mwamapalala zikipiga honi kama za harusi. Ghala la ushirika limefungwa, wenye ghala sasa ni popo. Unakumbuka tulivyopanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni? Siku hizi kwenye maduka ya Bariadi kuna sabuni za rangi nne, na muuza duka anakuita ndani mwenyewe. Mimi navaa koti la mtumba, la mzungu fulani, lina mifuko mitatu kwa ndani. Sina cha kutia katika yote mitatu, lakini ninayo. Na pale senta yameongezeka makanisa matatu mapya, kila moja na kipaza sauti chake, kila kipaza sauti kimeelekezwa kwa mwenzake. Ukiuliza kwa nini, watu wanasema mambo huria. Neno hilo ndilo linalojibu kila kitu sasa.

Hayo ni ya juujuu. Sikushika kalamu kwa ajili ya sabuni.

Nataka nianzie shambani, kwa sababu huko ndiko tulikokuwa watu, wewe na mimi. Vijana ishirini tumejipanga, majembe ishirini yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na wewe nyuma yetu, ngoma yako kubwa imening'inia shingoni, unatembea juu ya udongo tuliokwisha kuupindua. Wewe hukushika jembe. Kazi yako ilikuwa kutupa mwendo. Ukipiga haraka tunalima haraka, ukipunguza tunavuta pumzi. Mwenye mgongo uliochoka ngoma ilimwinua kama mtu aliyemshika kwapani. Shamba ambalo mtu na mke wake wangelikwatua wiki mbili, sisi tulilimaliza jua halijakaa kichwani, halafu tunahamia kwa jirani.

Na mbele ya mstari alikuwa nani? Usijibu, nitajibu mwenyewe. Kutoka hapa mpaka mto Simiyu hakukuwa na kijana wa kunipita. Nilikuwa nalirusha jembe juu, linageuka mara mbili, nalidaka na kulishusha bila kuacha mdundo. Wasichana walikuja kutazama. Minza alikuwa mmoja wao. Yeye anasema alikuja kumtazama mtu mwingine. Muongo.

Basi nafika mwisho wa shamba kabla ya wote, jasho linanimwagika, nageuka natafuta macho ya wasichana. Na wewe kule nyuma unapaza sauti, mbele ya kila mtu: "Tuta lako limepinda, ngosha!"

Nikitazama, limepinda kweli. Nilikuwa naangalia watu, siangalii udongo.

Ngoma ile uliichonga mwenyewe, mwaka uleule tulipomzika baba yako. Nilikuwepo ulipoivisha ngozi. Ilikuwa na kitu ndani. Ukiitikisa kinalia ko, ko, kama jino linalotaka kung'oka. Tulikuuliza wote kwa zamu: "Jilala, mle umetia nini?" Ukajibu: "Nimetia changu." Ukifunga mdomo wewe, hata ng'ombe dume hawaufungui.

Halafu ikaja mvua ile kubwa, nyumba yako ikavuja kila kona, ukaileta ngoma kwangu. "Nitunzie, ngosha. Ngozi isije ikaota ukungu." Nikajisifu hata kwa hilo. Nilizunguka nikiwaambia watu kwamba paa la Mabula halivuji, ndiyo maana Jilala ameniamini.

Mwezi uleule ndipo mwinjilisti alipotutangazia sisi wa darasa la ubatizo. Jumapili inayokuja, kila mmoja alete kile kinachomfunga na maisha ya zamani, tukichome mbele ya usharika.

Sasa, Jilala, wewe unamjua baba yangu. Mzee yule hakuwa na pembe, hakuwa na hirizi, hakufunga hata kijiti juu ya mlango. Alikuwa akisema dawa ni za wavivu. Nilipekua nyumba nzima. Nikatafuta chini ya vitanda, nikatafuta darini, nikamuuliza mama. Hapakuwa na kitu. Wenzangu walikuwa wanajitayarisha kwa siku ile kama watu wanaokwenda mnadani. Mmoja alikuwa na kikapu kizima cha pembe. Mama mmoja mzee alikuwa na mkufu wa simbi wa kwao. Na mimi, niliyesoma mstari mzima bila kusimama, nije mikono mitupu?

Nikaiona ngoma yako.

Habari hii nimeisimulia kwa njia nyingi, zaidi ya miaka thelathini. Leo ndiyo mara ya kwanza naiandika ilivyokuwa. Sikuichukua kwa ajili ya Mungu. Niliichukua kwa sababu sikuwa na kitu cha kuchoma na watu walikuwa wanatazama.

Ilipowekwa juu ya kuni ililia, ko, ko. Mwinjilisti akauliza: "Ndani mna nini?" Ningeweza kusema sijui. Ndiyo ingekuwa kweli, sikujua. Nikasema: "Dawa."

Neno moja. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja, na mimi nikasogea mbele hatua moja, nikachukua kiberiti nikawasha mwenyewe. Ngozi ilipopasuka ilitoa mlio, mama mmoja akapiga kelele kwamba shetani ametoka, wakaanza kuimba. Nilikuwa nimesimama kifua mbele, Jilala. Siku ile hata harusi yangu haikuipita.

Watu walipokwenda kula nilibaki. Nikachokonoa majivu kwa kijiti. Nikakuta kipande cha jembe. Jembe lililolimiwa mpaka likaisha, limebaki kama kiganja cha mtoto, makali yake membamba kama ukucha. Nililitambua kwa ule mwanya wa pembeni, pale lilipogonga jiwe siku tulipokwenda kumsaidia baba yako tukiwa watoto, akatufukuza wote wawili huku akicheka. Lilikuwa jembe lake. La mwisho alilolishika.

Hakukuwa na dawa yoyote. Ulitaka baba yako aendelee kulima pamoja nasi, basi.

Nilikitia mfukoni kikiwa bado cha moto. Kiliniunguza paja, na kovu liko mpaka leo. Minza anajua ni la uji.

Ulikuja kesho yake asubuhi. Ulikuwa umeshaambiwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, nilikuwa na maneno yangu yote ya darasani. Hukuniuliza kwa nini nimechoma. Uliuliza: "Umekuta nini ndani?"

Nikasema: "Sikukuta kitu."

Ukanitazama kama unavyolitazama tuta. Halafu ukasema: "Nduhu mhayo." Hakuna neno. Ukaondoka kwa njia ya kisimani, na kutoka siku ile tukawa watu wa kusalimiana kwa mbali. Hukuniambia kwamba nimepinda. Ningeshukuru kama ungeniambia.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, ngoja nikueleze ya upande wangu. Nilibatizwa nikaitwa Zakaria. Nikafanywa mzee wa kanisa kabla ya watu walionitangulia, na sababu ilikuwa ushuhuda ule. Nikapewa kugonga kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya kanisa, na nondo ya kugongea ilikaa nyumbani kwangu. Matofali ya kanisa lile niliyachoma mimi, tanuri mbili, hakuna lililopasuka. Na kila sikukuu ya mavuno walinisimamisha niseme. Mwaka wa kwanza nilisema mlikuwa na dawa. Mwaka wa pili ikawa pembe. Baadaye ikawa pembe yenye nywele za mtu. Mwaka walipotutembelea wanakwaya walioshukia stesheni ya Malampaka, watu waliovaa viatu, nikaona pembe haitoshi, nikatia nyoka. Nilisema alitoka motoni akanitazama usoni nami nikamkemea. Walipiga vigelegele mpaka nikamwona yule nyoka mwenyewe.

Na wewe ulikuwa unaishi humuhumu kijijini, Jilala. Nyoka huyo walimrudisha kwenye mlango wako.

Kundi letu la jembe lilikufa. Nani angekubali kulima mbele ya mtu wa dawa? Ndama wa fulani akifa, walitazama kwako. Mtoto akishikwa na homa, walitazama kwako. Tulipohamishiwa vijijini wakati wa operesheni ya ujamaa, hakuna aliyetaka kiwanja cha jirani yako, ukaishia kule pembeni kwenye kichuguu. Mkeo Holo alichota maji baada ya wenzake wote kuondoka kisimani. Niliyasikia yote. Unajua nilisema nini? Nilisema, tumwombee Jilala aokoke. Nilisema kwa sauti nzuri.

Ulipokufa nilipata habari Jumamosi. Nilijiambia siwezi kuingia kwenye msiba wenye ngoma na matambiko, mzee wa kanisa nitatengwa. Ukweli ni kwamba hapakuwa na ngoma. Hapakuwa na watu. Walikuzika wanne, na mmoja wao alikuwa ni mpita njia. Walikuwa bado wanachimba Jumapili asubuhi, na mimi nilikuwa nagonga rimu. Kutoka kwako rimu ile inasikika. Nimeyafikiria sana mapigo yale. Niligonga mengi kuliko kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tuna mchungaji kijana. Si mtu mbaya. Ana pikipiki, ana kinanda cha umeme na jenereta, kanisa limejaa. Mwaka huu jengo likaongezwa, askofu akapangiwa kuja kuliweka wakfu, pamoja na wageni wa nje. Basi mchungaji ananiita baada ya kikao. "Mzee Zakaria, nasikia wewe ulikuwa bingwa wa ngoma ya jembe."

Nikasema: "Ndiyo, nilikuwa." Sikuweza kulikataa hilo.

"Tunataka kwaya iicheze mbele ya wageni. Utufundishie. Na kabla yake utoe ule ushuhuda wako."

Nikamwambia: "Mchungaji, ngoma si dhambi?"

Akacheka, cheko la upole. "Mzee wangu! Hayo yalikuwa ya zamani. Wazungu hawakutuelewa. Siku hizi huu ni utamaduni wetu. Mambo huria, mzee!"

"Mzungu hakuwepo," nikamwambia. "Kiberiti nilikishika mimi."

Akanigusa bega. "Mungu alishasamehe."

"Alisamehe nini? Wewe unajua amesamehe nini?"

Alikuwa ameshapanda pikipiki.

Nilikubali kuwafundisha. Usishangae. Waliniita bingwa. Walikuwa wamenunua ngoma Bariadi, imepakwa rangi, ina msalaba mwekundu ubavuni. Nikaitikisa. Haikuwa na kitu ndani. Majembe yao yalikuwa ya mbao, mepesi kama mwiko. Nikawapanga uwanjani, sare mpya, akina dada kwa akina kaka, nikawaonyesha. Miguu ilikumbuka, Jilala! Na umri huu! Nililirusha lile jembe la mbao likageuka mara mbili, nikalidaka, wakashangilia. Nikageuka kutazama nyuma. Nilikuwa nasubiri sauti. Kijana mpiga ngoma akaniuliza: "Mzee, tumekosea?" Nikasema hapana. Hapakuwa na tuta lolote la kutazama. Tulikuwa tunalima vumbi.

Nikaenda nyumbani nikakitoa kile kipande. Kwa miaka yote hiyo kilikaa kwenye kopo la tumbaku, chini ya kiroba cha mbegu.

Jumapili iliyotangulia ujio wa askofu nilivaa shati langu safi. Nililivaa ili nifukuzwe nalo. Nilijua watanitenga, na nilitaka nionekane vizuri nikitengwa. Wakati wa ushuhuda nikasimama mbele nikasema yote. Nilikosa la kuchoma. Niliiba ngoma ya rafiki yangu. Nilisema dawa na haikuwa dawa. Pembe hapakuwa, nywele hapakuwa, nyoka nilimtunga mimi. Nikanyanyua kipande cha jembe juu waone. Nikasema: Jilala mliyemkimbia miaka yote hii hakuwa na kitu, na niliyewadanganya ni mimi, tena ninyi mlinipa uzee wa kanisa kwa uongo huo. Sauti ilinikatika. Mimi, mbele za watu.

Wakapiga makofi.

Wakasema amina. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kijana wa kinanda akabonyeza mlio ule wa kupandisha watu. Mchungaji akachukua kipaza sauti: "Tunamshukuru Mungu kwa mzee wetu, ushuhuda mzito huo! Sasa matangazo. Akina mama wa pilau ya askofu wabaki baada ya ibada."

Nilisimama pale na chuma mkononi. Nikatazama kule nyuma wanakokaa watu wa rika letu, wale waliokatisha njia wasikutane nawe. Walikuwa wanapiga makofi wao pia. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Nilipokuwa nashuka mzee mwenzangu akanivuta mkono, akaninong'oneza kwa nia njema kabisa: "Mzee Zakaria, siku ya askofu wewe sema ule wa nyoka. Ule ndio mzuri zaidi."

Hapo ndipo nilipotoka, Jilala. Kama wangenifukuza ningebaki, unanijua nilivyo mbishi, ningekaa mlangoni mpaka wanirudishe. Lakini hawakunifukuza. Nilileta kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kubeba, na pale ndani hapakuwa na mahali pa kukiweka. Nikaiweka nondo juu ya meza ya sadaka, nikapita katikati, nikatoka kwenye mlango niliouchomea matofali. Walidhani nakwenda haja.

Tangu hapo ni kimya. Nilikuwa sijui kimya kinachosha. Walikuja wazee wawili mara moja, wakanywa uji, wakauliza kama nimehamia kwa wale wa vipaza sauti. Nikasema hapana. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo: "Au umerudi kwenye dawa?" Nikamwambia: "Sijawahi kuwa huko, nirudi wapi?" Wakaomba, wakaondoka, hawajarudi. Nikienda mashineni wanakokaa wazee wasiosali, mazungumzo yanakufa. Kwao mimi bado ni yule mtu aliyechoma ngoma. Nawasalimu, wanaitikia vizuri, halafu kila mmoja anakumbuka ana shughuli. Rimu anaigonga mtu mwingine sasa. Anagonga haraka mno, kama anafukuza ndege.

Minza anakwenda. Siku ile alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa. Nikasubiri. Akasema: "Uji upo." Baada ya siku tatu ndipo aliposema: "Mimi nitaendelea kwenda, na wewe sikuachi. Lakini lile kovu uliniambia ni uji." Amelitaja hilo tu. Usiku ananiombea kwa sauti nisikie, ananitaja kwa jina la Mabula, si Zakaria. Sijui kama ni hasira au ni nini.

Kuhusu Mungu mwenyewe usiniulize. Hatujagombana. Hatuzungumzi tu. Nikikaa kula mdomo unaanza wenyewe kushukuru, nauacha umalize.

Jumapili ya pili nilikwenda kwako. Nilibisha hodi kwenye ule mlango ambao sijaugusa tangu tuhamie vijijini. Holo amezeeka, anatembea ameshika ukuta. Hakunikaribisha ndani, na mimi sikuomba. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani, nikampa kile kipande. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakipitisha kidole kwenye mwanya. "Cha baba mkwe," akasema.

Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Akasema: "Alijua unacho. Siku ile ulipomwambia hukukuta kitu, alikwenda kwenye majivu, akachambua mpaka jioni. Aliporudi akaniambia, kipo kwa Mabula. Akanikataza nisikuulize. Akasema, atakileta mwenyewe."

Atakileta mwenyewe.

Jilala. Miaka yote ile. Ulipokuwa unaniitikia salamu kwa mbali, ulikuwa unasubiri? Nilipopita njia ya kwako nimevaa nguo za kanisa, ulikuwa unatazama mikono yangu? Ungenipiga, ngosha. Ungenipigia kelele sokoni, ungeniambia mwizi. Kwa nini uliniamini kiasi hicho, na mimi nilikuwa mtu wa namna gani, ukafa bado unaniamini.

Nimesimama kidogo hapa. Jicho la kushoto linanisumbua siku hizi. Naendelea.

Holo aliufunga mlango, nikarudi. Jumapili iliyofuata rimu ilipolia nilichukua jembe nikaenda kwenye shamba lako. Limekaa miaka miwili bila kulimwa, majani yamenifika kiunoni. Kaburi lako lilikuwa halionekani. Nilianzia hapo, nikapalilia pande zote nne, halafu nikaanza tuta la kwanza. Hakuna ngoma, hakuna watu, mimi peke yangu na mgongo wangu. Zamani tuta lile ningelimaliza mtu hajatema mate mara mbili. Lilinichukua ibada nzima. Watu walipotoka kanisani walipita njia ya chini wakaniona. Hakuna aliyesimama. Minza alisimama. Alisimama na Biblia yake kwapani, akatazama muda mrefu, halafu akaenda nyumbani. Nilipofika nilikuta maji ya kuoga yamepashwa moto.

Leo asubuhi nimekwenda tena, mapema, jua halijawa kali, ndiyo maana sasa nina nafasi ya kuandika. Nimemaliza tuta la tatu. Nimesimama mwisho wa shamba, nimeegemea jembe, napumua kama ng'ombe wa kukokota. Nikasikia mlango. Holo ametoka, ameshika ukuta, amekinga macho kwa mkono. Ametazama shamba. Nikafikiri atanifukuza.

Akasema: "Tuta lako limepinda."

Akarudi ndani, na mlango hakuufunga.

Basi sikiliza, nina neno moja la kukuahidi na sitaliongezea chumvi. Nitalima mpaka kwenye kichuguu, hata kama ni tuta moja kwa Jumapili moja. Na yeyote atakayeniuliza ndani ya ngoma ya Jilala mlikuwa na nini, awe mtoto, awe askofu, nitamjibu: mlikuwa na baba yake. Nikishasema hivyo nitanyamaza, wapige makofi wasipige.

Rimu inalia, wanatoka. Narudisha daftari mahali pake kabla Minza hajafika. Pumzika, ngosha. Siombi unijibu. Jumapili nitakapokuwa nalima, wewe tazama tu kutoka huko nyuma, kama ulivyozoea.

Nimelitazama lile la leo kabla sijaondoka. Limepinda kweli.

Ni mimi,
Mabula